Simu Inapouliza Uko Wapi



Umepakua programu, nayo inaomba kujua mahali ulipo. Wengi tunabonyeza "ruhusu" bila kusoma. Anayeita bodaboda ana sababu ya kuonyesha alipo. Lakini programu ya tochi, au ya mkopo, inataka nini na njia unayopita kwenda shambani?

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zako zikusanywe kwa lengo halali na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Unaweza kuwauliza waliozikusanya wanazo taarifa gani zako, ukadai zirekebishwe, hata ukawazuia kuzitumia kukutangazia biashara. Wakikaidi, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hapa Lukole, wilayani Ngara, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi mwaka 2008, wazee walioishi jirani na watu waliokimbia kuokoa maisha yao wanajua uzito wa mtu kujulikana alipo. Basi usiku huu fungua mipangilio ya simu yako, uzime ruhusa ya mahali kwa kila programu isiyoihitaji.