Sadaka ya Jumapili na Debe la Jumatatu

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili ningependa tuzungumze juu ya utii kwa Mungu. Neno hili tunalisikia sana. Linatajwa mimbarini, linaimbwa na kwaya, na vijana wa kipaimara huulizwa maana yake wakajibu bila kusita. Lakini ukitaka kujua utii wa mtu umefika wapi, usimfuate kanisani peke yake. Mfuate sokoni, na ukifika huko tazama mikono yake inapopima.

Hapa Bomang'ombe tuna mahali pazuri pa kufanyia mtihani huo. Mji wetu uko kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, pale njia ya Sanya Juu inapochepuka kuelekea mlimani. Ndizi zinashuka kutoka Machame na Masama. Mahindi na maharage yanapanda kutoka mashamba ya tambarare. Ng'ombe na mbuzi wa wafugaji wanaletwa, nao wafanyabiashara wanafika kutoka kila upande. Kwa hiyo karibu kila mtu hapa ama anauza, ama ananunua, ama anasimama katikati ya hao wawili akitafuta chake.

Jumapili, ibada ikiisha, watu husimama nje ya kanisa kwa mnada wa sadaka. Wanaoijua mila hii ya mlimani wanajua raha yake. Mkungu wa ndizi, kuku, mayai, maziwa ndani ya chupa, vyote hunadiwa. Utamwona mtu akinunua kuku mmoja kwa bei ambayo sokoni angepata wawili, na watu wakampigia makofi. Wengine humnunua kuku yule yule kisha wakamrudisha anadiwe tena. Ni jambo jema. Makanisa mengi na shule za awali zimepata mabati kwa njia hiyo.

Basi ikifika Jumatatu, mtu huyo huyo anakwenda shambani kununua maharage. Nilipata kumsikiliza dalali mmoja akizungumza na mama wa makamo kando ya gunia lililokwisha kujaa. Dalali akasema, "Mama, ongeza kidogo, gunia bado halijashiba." Mama akajibu, "Mwanangu, limeshiba mpaka limevaa kofia, nawe bado unataka kulilisha?" Tukacheka wote. Lakini mama yule aliongeza, kwa sababu ada ya shule ilikuwa inamsubiri na mnunuzi mwingine hakuwapo.

Hiyo kofia ndiyo lumbesa. Kwa asiyeifahamu, gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kwa wavu na kamba mpaka likafanya kilima juu yake, na bei ikabaki ya gunia moja. Tufanye hesabu nyepesi. Kwa kawaida yetu gunia ni debe sita. Ikiwa lumbesa imeongeza debe moja tu, basi mkulima aliyeuza magunia sita ametoa debe sita bure. Yaani ametoa gunia la saba zima, nalo hakulipwa hata senti. Amelilima, amelipalilia, amelipura na kulipepeta, kisha amelitoa kama sadaka, ila sadaka hiyo haikwenda kanisani.

Hadithi haiishii hapo. Gunia lile likifika sokoni hufunguliwa na kuuzwa kwa sado. Na sado zetu mnazijua. Nyingine zimebonyezwa kitako, nyingine zimewekwa kitu chini. Ndiyo kusema, mtu ananunua kwa kipimo kikubwa na kuuza kwa kipimo kidogo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia kibaba cha nani.

Sasa tufungue Maandiko. Katika Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 25, mtu anakatazwa kubeba mfukoni mwake mawe ya kupimia ya namna mbili, kubwa na dogo. Kwa nini mawe mawili? Kwa sababu jiwe kubwa lilifaa wakati wa kununua, na dogo wakati wa kuuza. Ni lumbesa na sado iliyobonyezwa, kabla ya sado kuwapo duniani.

Naye nabii Amosi, aliyekuwa mfugaji kama majirani zetu wa tambarare, aliwaona wafanyabiashara wa Israeli katika sura ya 8 ya kitabu chake. Watu wale walishika Sabato. Hawakufungua maduka. Lakini mioyoni walikuwa wanahesabu saa, wakingoja siku takatifu ipite ili warudi kupunguza kipimo, kuongeza bei na kuchezea mizani. Amosi hakuwalaumu kwa kukosa ibada, maana ibada walihudhuria. Aliwalaumu kwa sababu ibada yao haikuvuka kizingiti cha duka.

Labda msikilizaji mmoja atasema, hayo ni ya Agano la Kale. Haya, turudi kwenye Katekismo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo maelfu ya watoto wa mlima huu wameifundishwa. Katika maelezo ya amri inayokataza wizi, ambayo Walutheri na Wakatoliki huihesabu ya saba na wengine huihesabu ya nane, Luther hakusema habari za kuvunja nyumba usiku tu. Alieleza pia habari za kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila, kisha akaongeza kwamba tunapaswa kumsaidia jirani mali yake ikue. Tuliyakariri hayo tukiwa watoto. Swali ni kama yalishuka kutoka kichwani hadi mkononi. Na ndugu zetu Waislamu, tunaokaa nao mtaa mmoja, wanayo katika Kurani sura nzima ya 83 ambayo jina lake limetokana na wapunjao vipimo. Hakuna basi anayeweza kusema dini yake ilimnyima habari.

Iko habari nyingine ambayo naona inafaa sana mji wa mifugo kama huu. Ni ya mfalme Sauli, katika 1 Samweli sura ya 15. Habari ile ina mambo mazito ya vita ambayo leo sitayaingia. Sauli alipewa agizo, akatimiza sehemu, na ng'ombe na kondoo walionona akawabakiza. Samweli alipofika, mfalme alimsalimu kwa furaha na kudai kwamba amekwisha kutii. Samweli akauliza sauti ya kondoo anayoisikia ni ya nini. Ndipo Sauli akajitetea kwamba mifugo ile imewekwa kwa ajili ya dhabihu. Jibu la nabii linajulikana, kwamba Mungu hupendezwa na utii kuliko na mnyama wa sadaka.

Sauli hakukana Mungu, wala hakukataa kutoa. Alitaka kutoa kwa wingi. Ila alitaka kutoa katika kile ambacho hakupaswa kuwa nacho. Mtu akilipunja gunia la mjane siku ya Jumatatu, kisha akanunua kuku wa mnada kwa bei kubwa siku ya Jumapili, washarika watampigia makofi, lakini kondoo wanalia. Mwenye masikio ya Samweli anawasikia.

Nayajua majibu ya wafanyabiashara, na si haki kuyapuuza. Watasema, "Nikinunua kwa kilo kamili na mwenzangu ananunua kwa lumbesa, mimi nitafunga duka na watoto wangu watalala njaa." Jambo hili ni la kweli. Utii una gharama, na anayehubiri kwamba hauna gharama hajawahi kufanya biashara. Sheria ya vipimo ipo, nayo hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100. Wakala wa Vipimo ulioundwa mwaka 2002 una kazi ya kuisimamia. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila shamba tangu alfajiri mpaka magharibi. Kuna mahali sheria ya serikali huishia, na hapo ndipo hofu ya Mungu huanzia kazi yake.

Juu ya hili nampenda sana Yohana Mbatizaji. Katika Luka sura ya 3, watoza ushuru na askari walimwendea wakamwuliza wafanye nini. Angeweza kuwaambia waache kazi zao chafu wamfuate jangwani. Hakusema hivyo. Watoza ushuru aliwaagiza wasitoze kupita kiwango kilichowekwa, na askari wasimdhulumu mtu bali waridhike na mshahara wao. Yaani, rudi pale pale ulipo, kwenye meza yako na kitabu chako cha risiti, ukatii hapo. Dalali asiache udalali, maana mkulima anamhitaji. Anunue kwa mizani.

Katika mlima huu tunao ushahidi kwamba watu wanaweza kushika kazi ya Mungu pasipo msimamizi. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo chao cha kwanza Machame mwaka 1893. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Wajerumani karibu wote walifukuzwa nchini mwaka 1920. Walibaki wachache mno wasio Wajerumani, na sehemu kubwa ya mzigo ikawaangukia walimu wenyeji. Walifundisha, wakaendesha ibada na kutunza mali ya makanisa wakati ambapo hakukuwa na mtu wa kuwakagua kila jioni. Kanisa halikufa. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi baada ya mwaka 1925, walikuta watu waliokwisha kuzoea kusimama wenyewe. Wengi wetu tunaojiita Wakristo wa mlima huu ni wajukuu na vitukuu wa walimu wale. Tumerithi majina yao na viti vyao kanisani. Hebu turithi na uaminifu wao.

Na tusidhani kwamba utii ni kazi ya mtu mmoja mmoja tu. Mzee mmoja akisimama peke yake mbele ya lori la mnunuzi, atashindwa. Wazee wetu walilitambua hilo. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kiafrika waliunda chama chao cha KNPA, kwa sababu mkulima mmoja hakuwa na sauti mbele ya walowezi na wanunuzi. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Hata mifereji ya asili, inayoteremsha maji kutoka mtoni hadi vihambani, haikudumu kwa sababu kila mtu alikuwa malaika. Ilidumu kwa sababu zamu zilijulikana, na aliyefungua maji usiku kwa zamu ya mwenzake alijua kwamba asubuhi ataulizwa na jirani zake.

Basi usharika, jumuiya ndogondogo, au kikundi cha akina mama wanaovuna maharage, kitashindwa nini kununua mzani mmoja wa pamoja? Mzani ule ukiwekwa mahali pa wazi, na wote wakakubaliana kwamba hapa hatuuzi ila kwa kilo, mnunuzi mwaminifu atakuwa amelindwa na mkulima atakuwa amelindwa. Naamini mzani huo utakuwa mahubiri marefu kuliko mengi tunayoyasikia.

Nimewasema sana wa sokoni. Sasa nigeuke kwako, msikilizaji wa Moshi mjini, wa Arusha na wa Dar es Salaam, unayekula maharage hayo bila kuliona shamba. Wewe nawe una debe lako. Kuna mfanyakazi wa ndani anayeamka kabla yako na kulala baada yako. Je, mshahara wake unautoa mwisho wa mwezi, au unaupunja na kumwambia avumilie? Kuna saa za ofisi unazolipwa na ambazo hukuwapo. Kuna fedha iliyoingia katika simu yako kwa makosa, na mwenyewe anapiga akilia, nawe unaitazama namba yake mpaka inyamaze. Kuna chenji ambayo konda amekuzidishia. Hayo yote ni vipimo, na hakuna mkaguzi anayekusimamia.

Mwisho, ningependa kumtaja Zakayo wa Luka sura ya 19. Huyu alikuwa tajiri kwa kazi ya kutoza, na mji wote ulimjua. Angalieni mpangilio. Yesu aliingia kwanza nyumbani mwake, kabla Zakayo hajarudisha kitu. Neema ilitangulia. Hatupimi sawasawa ili tununue mbingu, maana mbingu haiuzwi kwa kilo. Lakini neema ilipokwisha kuingia nyumbani, mkono wa Zakayo ulikwenda kwenye sanduku. Nusu ya mali akaahidi kuwapa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Hakutaja hisia zake. Alitaja kiasi.

Nasi tutaje kiasi. Kama yuko mtu uliyemnunulia kwa lumbesa msimu uliopita, unamjua na unaijua njia ya kwenda kwake. Ni sehemu gani ya gunia uliyobaki nayo? Ipime leo, umpelekee, na umwambie ni yake. Kisha Jumapili uje mnadani ununue kuku kwa bei upendayo, nasi tutakupigia makofi kwa mioyo safi.

Kwa leo niishie hapa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.