Pumzi Kabla ya Mrija: Mhadhara wa Umma, Juba



Aprili 2020, korona ilipothibitishwa kwa mara ya kwanza nchini kwetu Sudan Kusini, shirika la misaada la IRC lilitaja mashine 4 za kupumulia na vitanda 24 vya wagonjwa mahututi kwa taifa zima. Wengi walisikitikia idadi ya mashine. Mimi nahofia zaidi zile dakika chache kabla mashine haijaanza kazi: mgonjwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, hapumui mwenyewe, mrija wa kupumulia haujaingia kooni, na oksijeni katika damu inashuka.

Utafiti wa INTUBE, uliochapishwa 2021, ulifuatilia wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 29. Asilimia 45 walipata angalau dhara moja kubwa wakati wa kuwekewa mrija. Lililotokea zaidi ni presha kuporomoka, kisha upungufu mkubwa wa oksijeni. Kwa asilimia 3, moyo ulisimama.

Sasa vifaa. Laringoskopu, kifaa cha kuonea njia ya mrija kooni, ya kawaida ina bapa lililopinda, alilolibuni Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943. Daktari huinua ulimi na kuzitazama nyuzi za sauti kwa jicho lake. Ya video ina kamera karibu na ncha, na picha hutokea kwenye skrini. Mwaka 2017 Wafaransa walizilinganisha kwa wagonjwa mahututi 371, wasione tofauti ya kufaulu jaribio la kwanza. Tena madhara ya kutishia maisha yalizidi upande wa video. Kuiona njia ni jambo moja, kuupitisha mrija ni jingine. Lakini 2023 utafiti wa DEVICE nchini Marekani, wenye wagonjwa 1,417, ulileta jibu tofauti: video ilifaulu mara ya kwanza kwa asilimia 85, ya kawaida kwa 71. Na waliosaidiwa zaidi ni madaktari waliokuwa bado hawajaweka mirija mingi.

Hapo ndipo naomba mnisikilize. Kifaa tunachodhani ni cha hospitali za kitajiri kinamfaa hasa daktari kijana wa zamu ya usiku, asiye na bingwa wa usingizi pembeni yake. Daktari huyo ndiye tuliye naye. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kamera ni anasa kwa Juba.

Hata hivyo, fedha zikiwa chache, sitaanza na kamera. Nitaanza na oksijeni ya uhakika na mfuko wa kuminya kwa mkono. Mwaka 2019 utafiti wa PreVent ulihusisha wagonjwa 401: baadhi walipuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa tangu dawa ya usingizi ilipoingia, wengine hawakupuliziwa. Upungufu mkubwa wa oksijeni ulikuwa asilimia 11 kwa wa kwanza, 23 kwa wa pili. (Waliokuwa wakitapika hawakuingizwa katika utafiti, kwao tahadhari ni nyingine.) Mfuko huo hauhitaji jenereta. Mwaka 1952, polio ilipoikumba Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen aliwaweka wanafunzi wa udaktari kwa zamu, usiku na mchana, waminye mifuko kwa mikono, na watu waliokwisha kukatiwa tamaa wakaishi. Tiba ya mahututi ya leo ilianzia mikononi mwa wanafunzi hao.

Baada ya mfuko, kipimo cha kaboni dayoksaidi katika pumzi itokayo. Mrija ukiingia kwenye umio, kifua huweza kuonekana kinapanda na stethoskopu ikadanganya. Kaboni dayoksaidi isipoonekana, mrija uhesabiwe kuwa umepotea njia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na presha: dripu iwe inapita na dawa ya kuipandisha iwe tayari ndani ya sindano kabla ya dawa ya usingizi.

Kisha tununue kamera. Na kabla mwanafunzi wetu hajakabidhiwa laringoskopu ya aina yoyote, mwalimu amwone kwanza akishika barakoa kwa mikono miwili, mwenzake akiminya mfuko, na kifua cha mgonjwa kikipanda.