Simu ya Kiziwi na Namba Yake ya Siri

Hotuba ya kikundi cha viziwi wa Nakivale, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Ilitolewa kwa lugha ya alama na kufasiriwa.



Siku hii iliadhimishwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 1992. Siku hiyo hiyo, huko Uingereza, ulitumwa ujumbe wa kwanza wa maandishi kwenye simu ya mkononi, salamu za Krismasi. Waliotuma hawakutuwaza sisi, lakini tunadhani hakuna aliyefaidika kutupita. Zamani tulitembea hadi kijiji kingine kuuliza hali ya mgonjwa. Sasa tunaandika, simu inatetemeka mfukoni, jibu limefika.

Tabu huanza kwenye pesa. Mwenzetu mmoja, mama mjane, alitumiwa shilingi 80,000 na mdogo wake. Wakala alimwuliza jambo, hakusikia, na foleni ikaanza kunung'unika. Kijana aliyekuwa nyuma akajitolea, akashika simu, akamwashiria aandike namba ya siri. Mama akaiandika mbele ya macho yake. Siku ile pesa aliipata. Wiki ya pili simu ilipotea, na akiba iliyobaki ikaenda nayo. Akaambiwa apige simu huduma kwa wateja ili laini ifungwe. Apige vipi? Jirani alipompigia, aliyepokea alisikia sauti ya kiume ikitaja jina la mwanamke, akakataa.

Hatusemi kila anayesaidia ni mwizi. Tunasema kiziwi hulazimika kumwamini yeyote aliye karibu, na hilo si haki.

Kwa hiyo tumekubaliana: mkalimani afasiri maneno, asiguse simu. Kiasi cha pesa kiandikwe kwenye karatasi. Laini yenyewe nayo ina namba yake ya kuifungia, mbali na ile ya pesa. Ukikosea mara tatu itadai PUK, tarakimu 8, ambazo mara nyingi huchapwa kwenye kadi iliyokuja na laini. (Wengi wetu kadi hiyo tuliwapa watoto wachezee.) Na ukipata ujumbe wa "nimekosea kutuma, nirudishie", tazama salio kwanza.

Wenzetu wanaovaa vifaa vya kusikia, simu ikivuma sikioni msidhani kifaa kimekufa. Baadhi ya simu hufanya hivyo. Jaribuni spika, ila si mbele ya watu mkizungumzia pesa.

Mawakala, tutazameni usoni, muandike. Halmashauri, tunaomba mtu ajuaye alama akae ofisini walau siku moja kwa wiki, na muwaombe wenye kampuni za simu wakubali kufunga laini kwa ombi la maandishi.

Baada ya hotuba tutakuwa chini ya mti ule pale. Njooni na simu na kadi zenu. Tutaanza na wazee.