Kutangulia si kufika: fahari ya mkimbiaji wa mwisho

Ukimuuliza mtu wa kawaida ni siku gani aliyojivunia kuliko zote maishani mwake, mara nyingi hunyamaza kwanza. Kisha atataja siku mwanawe alipofuzu masomo, siku alipomwezekea mama yake nyumba, au siku alipomaliza kulipa deni lililomkosesha usingizi. Ni nadra kutaja siku aliyowashinda wengine.

Huko Queensburgh, magharibi mwa jiji la Durban nchini Afrika Kusini, vitongoji vya Malvern, Escombe, Northdene na Moseley vimekaa juu ya vilima, kando ya reli ya zamani iendayo Pietermaritzburg. Katika eneo hilo si ajabu swali hilo likajibiwa kwa kuvutwa droo ya kabati na kutolewa medali ndogo, yenye ukubwa unaokaribia sarafu. Ni medali ya mbio za Comrades.

Mbio hizo hufanyika kila mwaka kati ya Durban na Pietermaritzburg, umbali wa karibu kilomita 90, wenye milima ya kupanda na kushuka. Mwaka mmoja wakimbiaji hupanda kutoka pwani, na mwaka mwingine huteremka kuelekea baharini. Njia yao haipiti ndani ya Queensburgh. Inapita jirani, upande wa kaskazini, katika Pinetown, Cowies Hill na Westville.

Alfajiri, kabla ya kuanza, husikika sauti ya jogoo. Si jogoo wa kweli. Ni sauti ya mkimbiaji Max Trimborn, aliyemwiga jogoo mwaka 1948 ili kutuliza wasiwasi wake, na ambayo hadi leo huchezwa kutoka kwenye kanda. Kisha maelfu ya watu, waashi, wauguzi, walimu na makarani, huingia barabarani.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, asili ya mbio hizi haiko mbali na nyumbani. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa gari la moshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari wa miguu katika jeshi la Afrika Kusini lililopelekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara. Huko alitembea kwa miguu takriban kilomita 2,700, wakimfukuza Jenerali von Lettow-Vorbeck na askari wake, katikati ya homa, njaa na jua kali.

Aliporejea, Clapham alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe, si kwa jiwe, bali kwa mtihani wa ustahimilivu. Chama cha askari waliorudi vitani kilimkatalia mara kadhaa, kikiona kwamba umbali huo ni mno kwa binadamu. Hatimaye kilikubali na kumkopesha pauni moja ya gharama. Tarehe 24 Mei 1921, watu 34 waliondoka Pietermaritzburg. Waliofika Durban walikuwa 16. Mshindi, Bill Rowan, alitumia muda wa saa 8 na dakika 59.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo haikuwahusu wote walioteseka katika vita vile. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, waliobeba mizigo ya majeshi, walifia katika njia zilezile. Jina la kikosi chao cha Kiingereza limebaki midomoni mwa watu wa Dar es Salaam katika neno Kariakoo, na Nairobi katika neno Kariokor. Wengi hupita sokoni humo bila kukumbuka waliobeba.

Waliokimbia bila namba

Nayo mbio ya Comrades, kwa zaidi ya nusu karne, iliandika majina ya wanaume wa Kizungu peke yao. Mwaka 1923 Frances Hayward alikataliwa kujiandikisha kwa sababu ni mwanamke. Alikimbia hivyo hivyo, akafika kwa muda wa saa 11 na dakika 35. Hakupewa medali, lakini wakimbiaji na watazamaji walichanga fedha wakamnunulia vyombo vya chai vya fedha. Mwaka 1935 Robert Mtshali, Mwafrika, alimaliza kwa takriban saa tisa na nusu. Jina lake halikuingizwa katika matokeo rasmi.

Hiyo ndiyo nchi iliyokuja kugawanywa hata kwa makazi. Kwa sheria ya mwaka 1950, Queensburgh lilikuwa eneo la Wazungu. Ng'ambo ya mto Umhlatuzana, katika miaka ya 1960, ulijengwa mji wa Chatsworth kwa ajili ya watu wa asili ya Kihindi walioondolewa sehemu nyingine za Durban. Watu waliosikia treni zilezile na kunyeshewa mvua ileile hawakuwa na ruhusa ya kujivunia jambo moja hadharani.

Mlango ulifunguliwa rasmi mwaka 1975, Waafrika na wanawake waliporuhusiwa kushiriki. Mwaka 1989 Sam Tshabalala akawa Mwafrika wa kwanza kushinda. Siku hiyohiyo mzee Wally Hayward, aliyewahi kushinda mara tano, alikuwa bado njiani, akiwa na umri wa miaka 80. Alivuka mstari zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili muda kwisha, miguu ikimkataa. Umati ulimshangilia yule wa kwanza; na saa nyingi baadaye ulimshangilia huyu pia.

Leo majina ya kale yamerudi katika medali. Anayemaliza chini ya saa 9 hupata medali ya Bill Rowan: muda uliompa mtu ushindi mwaka 1921 sasa humpatia karani heshima yake. Tangu mwaka 2019, anayefika kati ya saa 9 na 10 hupewa medali ya Robert Mtshali, yule ambaye mwenyewe hakupewa. Na wanaojikokota katika saa ya mwisho, kati ya 11 na 12, hupewa ya Vic Clapham, dereva wa gari la moshi.

Saa 12 zinapotimia, mwamuzi husimama akiwapa mgongo wakimbiaji, asije akamwona anayekuja na kumhurumia. Hufyatua bunduki. Aliyevuka kabla ya mlio ana medali. Aliye hatua moja nyuma hana kitu, ijapokuwa ametembea na kukimbia kilomita zilezile.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Hapo huonekana watu wakiwa wameshikana mikono, mmoja akimvuta mwenziwe asiyemjua hata jina, ilhali akimwacha angefika mapema zaidi. Na wale waliofungiwa mlango hulala chini, hulia kidogo, kisha huuliza mbio za mwakani ni tarehe ngapi.