MTOTO WA NANI? JAMHURI HAINA KITI CHA URITHI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana mjini Mpanda. Tunayachapa ili na wewe uliyekosa uyasome.)



Kabla ya kuja hapa nilikaa kijiweni karibu na stesheni ya reli, nikawasikiliza. Mlikuwa mkimjadili mtu anayetaka uongozi. Swali la kwanza kutoka kwenu halikuwa "amefanya nini?" Lilikuwa "mtoto wa nani yule?" Mmoja akajibu, mkaridhika, kahawa ikaendelea. Mimi sikuridhika, ndiyo maana leo nazungumza na wewe, kijana mwenzangu, juu ya swali hilo moja.

Tuanzie mbali kidogo, Marekani. Wale walitangaza uhuru wao mwaka 1776, na katiba waliyoiandika mwaka 1787 ikapiga marufuku taifa hilo kumpa mtu cheo cha ulodi. Maneno mazuri! Lakini hebu tazama nani aliingia Ikulu. Marais watano wa kwanza walikuwa Washington, Adams, Jefferson, Madison na Monroe. Wanne kati yao walitoka jimbo moja la Virginia, wote wenye mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa. Wa tano, John Adams, hakumiliki mtumwa, lakini mwanawe, John Quincy Adams, akawa Rais mwaka 1825.

Kule New York majina yalikuwa Livingston, Schuyler na Clinton. Alexander Hamilton alizaliwa visiwani Karibea, hana mali wala ukoo. Alikuwa na kichwa na kalamu. Mwaka 1780 akaoa binti wa Schuyler, na milango ya wakubwa ikamfungukia. Mwaka 1791 Aaron Burr akamnyang'anya mkwe wake huyo kiti cha useneta, uhasama ukaota mizizi, na mwaka 1804 Burr akampiga Hamilton risasi, akafa. Hayo ndiyo mambo ya jamhuri changa: cheo cha ulodi kimefutwa kwenye karatasi, koo zimebaki sebuleni.

Lakini tuwape haki yao. Washington aliondoka mwenyewe mwaka 1797 baada ya vipindi viwili. Adams alishindwa kura na Jefferson, na mwaka 1801 akafungasha mizigo yake akaenda zake. Ukoo ulikuwa na nguvu, lakini sanduku la kura lilikuwa na nguvu zaidi. Shika hapo, tutarudi.

Sasa njoo nyumbani. Tanganyika ilikuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Unawajua waliokuwa mstari wa mbele? Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Abdallah Fundikira, waziri katika serikali ya kwanza, alikuwa Chifu wa Unyanyembe, hapo Tabora kwa jirani zetu. Adam Sapi Mkwawa, aliyekalia kiti cha Spika mwaka 1962, alikuwa Chifu wa Wahehe, wa ukoo wa yule Mkwawa aliyepigana na Wajerumani. Na hata kabla yao, Waafrika wawili wa kwanza kuingizwa na Mwingereza katika Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1945, walikuwa machifu: Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali.

Je, ilikuwa bahati? Hapana. Mkoloni alifungua shule ya Tabora, na walengwa wake wa kwanza walikuwa watoto wa machifu. Mtoto wa mlalahoi alichunga mbuzi wakati mtoto wa chifu anasoma Kiingereza. Uhuru ulipokuja, nani angekuwa tayari kushika faili?

Mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu. Kiti kikaondoka, lakini elimu, marafiki na jina havikufutwa na sheria. Mwaka huohuo Fundikira alijiuzulu uwaziri, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ni yeye huyohuyo aliyeongoza chama cha UMD.

Hata hivyo wakubwa wetu wa mwanzo hawakujijengea mashamba kama wale wa Virginia, na sababu yake ijulikane. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni la kibepari, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yakalegezwa Zanzibar mwaka 1991. Tangu hapo kigogo akaweza kuwarithisha wanawe jina pamoja na mali.

Na watoto wakaja. Amani Karume, mwana wa Mzee Abeid Karume, aliiongoza Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Hussein Mwinyi, mwana wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliingia Ikulu ya Zanzibar mwaka 2020. Ridhiwani Kikwete alipata ubunge wa Chalinze mwaka 2014, baba yake akiwa bado Rais. Kenya, Uhuru Kenyatta alikalia kuanzia 2013 hadi 2022 kiti alichowahi kukikalia baba yake.

Simtukani mtu. Mtoto hachagui baba, na kuzaliwa na mkubwa si kosa la jinai. Wengine ni wachapakazi. Hoja yangu ni ya mlango. Kwetu hugombei ubunge bila kuteuliwa na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka jambo hilo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na mwaka 2013 akashinda. Hata hivyo chaguzi za 2015 na 2020 zilifanyika bila mgombea binafsi. Maana yake nini? Maana yake aliyekaa kwenye kikao cha uteuzi ndiye mwenye ufunguo, na ndani ya kikao jina linajulikana kabla ya sura. Wala usidhani nasema chama kimoja tu. Upinzani nao una majina yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Sasa Mpanda. Mji huu haukujengwa na ukoo wa mtu. Ulijengwa na risasi, yale madini. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi, na mgodi ukafungwa mwaka 1960. Wakubwa wakaondoka, reli ikabaki, na watu wakabaki. Tukawa chini ya Tabora, mwaka 1974 tukatiwa Rukwa, na mwaka 2012 tukapata mkoa wetu wa Katavi.

Na mji huu una historia ya kujivunia. Mwaka 2005 ulimchagua Said Arfi wa CHADEMA, na mwaka 2010 ukamchagua tena, wakati Waziri Mkuu wa nchi anatoka hapa hapa jirani. Huyo Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliyeteuliwa mwaka 2008, alijiita mtoto wa mkulima. Vizuri! Mtoto wa mkulima wa Kibaoni kufika pale ni sifa ya Jamhuri. Lakini mwaka huo wa 2010 jimbo lake lilimpitisha bila kupingwa. Mkulima wa jimbo lile hakupewa karatasi ya kuchagua mbunge. Basi hata mtoto wa mkulima, kura isipopigwa, anakuwa kama chifu.

Nimalizie na vijana wa Katumba na Mishamo. Wazazi na babu zao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwapa hati za uraia, watu wapatao 162,000, pamoja na wale wa Ulyankulu. Kijana wa Katumba hana mjomba wizarani. Babu yake hakusoma Tabora na watoto wa machifu. Alichonacho ni hati ile na kadi ya mpiga kura. Nakuuliza wewe unayeringa kwamba u mzawa: una kingine cha zaidi? Jamhuri ni neno lililotoka kwa Waarabu, maana yake ni umma, watu kwa wingi wao. Kama kura ya kijana wa Katumba haina uzito sawa na ya mtoto wa Waziri, basi na yako haina.

Kwa hiyo kesho mkikaa kijiweni, na jina likatajwa, anzeni na maswali haya. Amefanya nini kabla ya kutaka cheo? Nani alimpitisha, na kwa kikao gani? Tukimkataa, ataondoka kama Adams alivyoondoka?

Akishayajibu hayo matatu, ndipo muulize ni mtoto wa nani, mpate kumsalimia baba yake.