Beseni la Mtoto wa Kwanza

Mazungumzo ya mkunga mstaafu kwa wazazi wanaotarajia mtoto wa kwanza, Kata ya Kolandoto



Nimeombwa nizungumze juu ya vitu vya kununua kwa ajili ya mtoto wa kwanza. Mtoto wa pili hurithi nguo za aliyemtangulia, na mama yake amekwisha kujua kipi kilimfaa na kipi kilikaa mvunguni hadi panya wakakitafuna. Mtoto wa kwanza huja katika nyumba isiyo na kitu chake hata kimoja. Wazazi wake hununua kwa furaha, kwa hofu, au kwa kumwangalia jirani. Nao uwezo wetu tunaujua. Kwa hiyo leo nauliza swali moja tu: shilingi ya kwanza iende wapi?

Mimi nasema itangulie kwenye kile ambacho mtoto atakihitaji katika saa yake ya kwanza duniani, nacho ni joto. Mtoto hutoka tumboni akiwa amelowa, na mwili wake mdogo hupoteza joto upesi, hata hapa kwetu ambako jua la mchana huchoma. Anayezaliwa usiku wa mwezi Juni au Julai hali yake ni ngumu zaidi. Mkunga humkausha kwa kitambaa kikavu, akamlaza kifuani pa mama yake ngozi kwa ngozi, kisha akawafunika wote wawili kwa kitambaa kingine. Nasema kingine, kwa sababu kile cha kwanza kimekwisha kulowa. Mama aliyekuja na kanga moja mabegani humtia mkunga katika mashaka.

Basi kitu cha kwanza ni kanga. Doti mbili hutoa vipande vinne: viwili vya mtoto, kimoja cha mama, na kimoja cha akiba. Wala zisiwe mpya. Kanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini na hunyonya maji vizuri kuliko ile inayong'aa kutoka dukani. Mama mkwe akikuletea kanga zake kuukuu, zipokee kwa mikono miwili, uzifue kwa sabuni, uzianike juani, uzipige pasi, uzifunge katika mfuko safi. Ongeza kofia, soksi na sweta. Nguo za mtumba zinafaa kabisa kwa masharti hayohayo ya sabuni, jua na pasi. Usinunue nyingi za kipimo cha mtoto mchanga, kwani baada ya wiki chache hazitamwingia tena.

Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Kolombia, madaktari waliokuwa na mashine chache za kuwatunzia watoto njiti waliwaagiza akina mama wawabebe watoto hao vifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Njia hiyo leo inatumika duniani kote, na hapa Tanzania pia. Kifaa chake ni kifua cha mama na kitambaa cha kumfungia mtoto. Hivyo kipande kilekile cha kanga ni taulo, ni blanketi, na baadaye ni mbeleko.

Sasa niseme habari ya mlango tunaoona haya kuugusa. Katika nyumba nyingi za kwetu inasemekana kwamba kumnunulia mtoto vitu kabla hajazaliwa ni kumwitia balaa. Siwadhihaki wanaoamini hivyo. Imani hiyo ilizaliwa na uchungu wa watu waliozika vichanga. Lakini nimewapokea mabinti waliofika usiku wa manane mikono mitupu kwa sababu hiyo, na watoto wao wakafungwa kwa gauni la mama. Ikiwa wazee wa nyumbani wanakataa, kuna njia ya heshima: vitu vikae kwa bibi au kwa shangazi, katika sanduku lake, kwa jina lake. Kanga za bibi hazimtabirii mtu lolote. Siku ikifika, sanduku lifunguliwe.

Baada ya kanga, nunueni beseni la plastiki lenye kifuniko au ndoo, sabuni ya kipande isiyo na manukato makali, nepi za kitambaa dazeni moja au mbili na pini zake, mpira wa kutandika kitandani, na pamba au taulo za kike kwa ajili ya mama. Wataalamu wa kliniki watawaeleza vifaa vingine mnavyotakiwa kufika navyo siku ya kujifungua. Waulizeni mapema, mwezi wa saba wa ujauzito, mkapate kuvitafuta bila papara.

Hapo kwenye beseni ninalo neno kwa akina baba wanaofanya kazi Mwakitolyo, Nyarugusu na machimbo mengine ya Geita na Shinyanga. Karai au beseni lililowahi kuoshea dhahabu kwa zebaki lisimguse mtoto, hata likisuguliwa likang'aa kama kioo. Zebaki haionekani kwa macho ikishabaki kidogo, na moshi wake unapochomwa pamoja na dhahabu hudhuru ubongo wa mtoto, aliye tumboni na aliyezaliwa. Usichomee nyumbani, wala jikoni kwa mkeo. Nguo ulizorudi nazo zifuliwe peke yake, uoge kwanza, ndipo umpakate mwanao. Beseni jipya la plastiki ni bei ndogo mno ukilinganisha na hayo.

Kuna vitu ambavyo hamna haja ya kuvinunua, maana mnavyo tayari kwa haki. Chandarua chenye dawa hutolewa bure kliniki, mama anapohudhuria kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, na tena mtoto anapofikisha miezi 9 na kupata chanjo ya surua. Chanjo za mtoto ni bure. Wenzetu wa Finland walianza mwaka 1938 kuwapa akina mama wenye kipato kidogo sanduku la nguo na vifaa vya mtoto, na mwaka 1949 wakaliongeza kwa kina mama wote, kwa sharti kwamba mama awe amefika kliniki kabla ya mwisho wa mwezi wa nne. Sanduku lenyewe lilikuwa na godoro ndani, watoto wengi wakalalia humohumo. Nadhani chandarua chetu ni ndugu wa sanduku hilo: humpata anayefika mapema. Anayekwenda kliniki mwezi wa nane anakipata pia, lakini amelala miezi saba akiumwa na mbu.

Nakuja kwenye chupa. Ukiingia duka lolote la vitu vya watoto, chupa ya kunyonyeshea imewekwa mbele, na baba mwenye furaha huinunua kwanza. Maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, yanamtosha mtoto kwa miezi 6. Chupa ni ngumu kusafisha, hasa chuchu yake, na palipo na maji ya kuchota mbali huwa ni njia fupi ya kuharisha. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya chupa na maziwa ya kopo, baada ya watoto wengi wa nchi maskini kudhurika. Ikiwa mama ana tatizo la kiafya linalomzuia kunyonyesha, mtaalamu atamwelekeza. Na hata hapo kikombe kidogo kinachooshwa kwa urahisi ni bora kuliko chupa. Fedha ya chupa na kopo mnunulieni mama maharage, dagaa, mayai na mboga za majani. Hayo ndiyo maziwa ya mtoto.

Poda sioni kazi yake. Vumbi lake huingia kifuani mwa mtoto. Kitovu hakitaki poda, majivu, mafuta wala dawa ya meno. Kinataka usafi na ukavu. Gari la kusukuma litawasaidia wakazi wa miji yenye lami hadi mlangoni. Kwenye mchanga wetu litageuka kiti cha kuku, nami nimeliona moja likifanya kazi hiyo.

Pampasi sizikatai. Zinafaa safarini, na usiku mama anapohitaji usingizi. Aliye na bomba karibu, lenye maji ya Ziwa Victoria yanayotufikia kwa mradi wa Kahama na Shinyanga, nepi za kitambaa zitampunguzia gharama sana. Anayechota maji mbali afanye hesabu yake mwenyewe, maana ndoo nayo ina bei, hasa kwa mgongo wa mama aliyejifungua juzi. Ninachoomba ni kwamba pampasi iliyotumika isitupwe lamboni wala kando ya njia. Ifungwe, itiwe kwenye shimo la taka au kwenye gari la taka pale linapopita.

Fedha zetu haziji kila mwezi kama mshahara. Mkulima wa pamba huzipata msimu wa kuuza, mchimbaji huzipata siku mwamba ulipomwonea huruma. Mimba haifuati msimu, na mwezi wa tisa waweza kuangukia Januari au Februari ghala likiwa tupu. Kwa hiyo anzeni mwezi wa tano: mwezi huu kanga, mwezi ujao beseni na sabuni, unaofuata nepi. Mchimbaji aliyepata, kabla hajamnunulia mtoto kiatu cha kung'aa ambacho hatakikanyagia mwaka mzima, aweke kando fungu moja lisiloguswa.

Fungu hilo ni la safari. Mwambieni dereva mnayemwamini tarehe za matarajio, muwe na namba yake, na nauli ya usiku iwe kwenye simu ya mama mwenyewe, wala si ya baba aliye machimboni. Ikitokea dharura, kama vile mama kutokwa na damu, kupata degedege, au kuumwa sana kichwa na kuona giza, pigeni 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama. Mkoa wetu wa Shinyanga ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuutumia kabla haujazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mpokea simu atawauliza maswali machache, kisha atatuma gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo. Jueni pia ndugu wawili walio tayari kuchangia damu. Hao hawauzwi dukani, na siku hiyo ndio vitu vyenye thamani kuliko vyote.

Jambo la mwisho ni karatasi. Kadi ya kliniki ikae ndani ya mfuko wa kanga tangu mwezi wa saba, kwani bila hiyo mkunga wa zamu hajui damu yako wala historia yako. Mtoto akishazaliwa, cheti cha kuzaliwa kwa aliye chini ya miaka 5 hutolewa bila malipo, katika vituo vya tiba au ofisi ya kata. Njooni na kadi ya mtoto, na jina mlilokubaliana nyumbani liandikwe kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu kulirekebisha baadaye kunagharimu fedha na siku nyingi za kwenda na kurudi.