Apt na Madaftari Yake: Maswali ya Watunza Maabara za Kompyuta

Utangulizi

Mada hii inahusu apt, programu inayosakinisha na kuondoa vifurushi katika Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na katika mifumo iliyotokana nao kama Ubuntu. Apt iliingia rasmi na Debian 2.1 mwaka 1999. Chini yake ipo dpkg, ambayo husakinisha kifurushi ulichoipa lakini haiendi kutafuta vingine ambavyo kifurushi hicho kinavitegemea. Kazi hiyo ya kutafuta ni ya apt.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Apt ni karani mwenye madaftari mawili. La kwanza, /var/lib/apt/lists, ni orodha ya vilivyoko kwenye seva. La pili, /var/lib/dpkg/status, ni kumbukumbu ya vilivyomo ndani ya mashine yako. Ukijua amri inagusa daftari lipi, maswali mengi yanajijibu.

1. Nimeandika apt update, mbona programu ni zilezile?

Kwa sababu umesahihisha daftari la kwanza tu. Mzigo wenyewe huletwa na apt upgrade, ambayo haiondoi kifurushi chochote kilichopo. Amri ya apt full-upgrade inaweza kuondoa, kwa hiyo isomwe kwa makini. Kinyume chake, ukisakinisha kwa orodha ya miezi iliyopita, apt huenda ikaomba toleo ambalo seva haina tena, ukapata kosa 404.

2. Remove na purge zinatofautianaje?

Remove huondoa programu na kuacha mipangilio yake iliyoko /etc. Ukiandika dpkg -l utaiona na alama rc. Purge hufuta na mipangilio hiyo. Zote mbili haziingii kwenye mafaili ya mtumiaji yaliyomo /home. Apt hukumbuka pia kipi ulikiomba kwa jina na kipi kilikuja kama msindikizaji. Autoremove huwatoa wasindikizaji waliobaki bila mwenyeji.

3. Naambiwa kufuli limeshikwa. Nilifute?

Hapana. Kufuli lipo ili makarani wawili wasiandike daftari la pili kwa wakati mmoja. Kwenye Ubuntu, mara nyingi aliyelishika ni unattended-upgrades, inayosakinisha masasisho ya usalama kimyakimya. Subiri imalize. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, daftari hubaki na mistari isiyokamilika. Ukirudi, anza na sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install.

4. Maabara ina mashine 20 na bando ni dogo. Tufanyeje?

Swali hili ndilo linalogusa mfuko. Njia ya kwanza ni kupakua kwenye mashine moja kwa sudo apt-get install --download-only na jina la kifurushi. Mafaili ya .deb yatabaki /var/cache/apt/archives; yanakili kwenye flashi, na kwenye kila mashine andika sudo apt install ./*.deb ukiwa ndani ya folda ya flashi hiyo. Tahadhari: apt haipakui kilichokwisha kusakinishwa, hivyo mashine ya kupakulia ifanane na nyingine, la sivyo baadhi zitalalamika kuwa kuna kitu kimepungua.

Njia ya pili inafaa pale penye mtandao wa ndani: sakinisha apt-cacher-ng kwenye mashine moja na uzielekeze nyingine kwake kupitia mlango 3142. Kifurushi kikishapakuliwa mara moja, nyingine 19 hukichukua humohumo ndani.

Hitimisho

Programu iliyonakiliwa kwa mkono ndani ya /usr/bin haimo katika daftari lolote. Apt haitaisasisha wala kuiondoa, na siku moja inaweza kuifunika. Katika zoezi la mchana, kila mshiriki ataandika sudo apt full-upgrade, asome orodha yote mpaka mwisho, kisha ajibu n. Tutaanza kwa kujifunza kukataa.